Kompresa ya Kiyoyozi Ikigoma Kuwaka

Dalili ni ileile karibu kila nyumba. Rimoti imebonyezwa, kiyoyozi kimelia, kibao chake cha mbele kimefunguka na upepo unatoka, lakini ni upepo wa vuguvugu usio na tofauti na wa feni ya dari. Nusu saa inapita na chumba hakijapoa. Nje, kompresa iko kimya, au inavuma kidogo, inakata "ka!", kisha inanyamaza tena. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa, ambako joto la mchana mwezi Februari hupita nyuzi 30 na jasho halikauki mwilini, usiku wa namna hiyo ni mrefu.

Fundi akipigiwa simu, mara nyingi hukumu hutoka kabla kifuniko hakijafunguliwa: "Gesi imeisha," au "Kompresa imekufa." Zote mbili ni hukumu za gharama, na mara nyingi si za kweli. Kompresa ni miongoni mwa sehemu imara za kiyoyozi. Kinachoharibika kabla yake ni kitu kidogo kilichomo njiani, kabla umeme haujaifikia: fyuzi ya plagi, ungio la waya lililoungua, rilei na, mara nyingi kuliko vyote, kapasita. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuufuata umeme huo hatua kwa hatua, mahali unapoweza kugusa mwenyewe, mahali pa kumwachia fundi, na maswali ya kumuuliza akifika.

Kompresa inahitaji nini ili iwake

Kompresa ni pampu iliyofungiwa pamoja na mota yake ndani ya mtungi wa chuma usiofunguliwa. Katika kiyoyozi cha ukutani, mtungi huo umo kwenye boksi la nje. Kazi yake ni kuinyonya gesi iliyobeba joto la chumba, kuibana, na kuisukuma kwenye koili ya nje ambako feni hulipeperusha lile joto. Pampu ikisimama, gesi haizunguki, na feni ya ndani hubaki kupuliza hewa ileile.

Ili iwake, kompresa ya kawaida inahitaji mambo manne kwa pamoja: amri kutoka bodi ya ndani, umeme wenye volti za kutosha, kapasita nzima, na mwili usio na joto la kupindukia. Likikosekana moja, haiwaki.

La kapasita linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo linalosumbua wengi. Umeme wa nyumbani wa volti 230, wenye waya mmoja wa moto na mmoja wa nyutro, hauwezi peke yake kuianzisha mota ya aina hii. Ndani ya mota kuna koili mbili, ya kukimbia na ya kuanzia. Kapasita hufanya umeme wa koili ya kuanzia upishane kidogo kwa wakati na ule wa koili ya kukimbia, na kupishana huko ndiko kunakoisukuma mota izunguke. Kapasita ikidhoofika, mota inavuta umeme mara nne hadi sita ya kawaida au zaidi, inavuma, inatetemeka, haizunguki. Baada ya sekunde chache kinga ya joto, ambayo mafundi huiita ovalodi, inakata umeme ili koili zisiungue. Ile "ka!" inayosikika ndiyo hiyo.

Kuna jambo la tano, nalo ni subira. Kompresa iliyosimama ghafla huacha gesi yenye msukumo mkubwa upande mmoja wa bomba na mdogo upande wa pili. Ikilazimishwa kuanza papo hapo, inaanza huku imebeba mzigo wote huo. Ndiyo maana watengenezaji wengi huweka kuchelewa kwa dakika 3 hivi kwenye bodi. Mwenye nyumba asiyelijua hilo huzima na kuwasha, huzima na kuwasha, na kila mara anaianzisha upya ile saa ya kusubiri. Kisha anasema kiyoyozi kimekufa.

ONYO KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

- Kuzima kwa rimoti si kuzima umeme. Zima swichi ya kiyoyozi iliyo ukutani, kisha shusha sakiti breka yake kwenye boksi la umeme. Mwambie kila aliyemo ndani asiipandishe.
- Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya kila kitu kuzimwa, na inaweza kukupiga vibaya. Kama hujafundishwa kazi ya umeme, usifungue boksi la nje.
- Boksi lililofungwa juu ya ghorofa halifikiwi kwa kuegemea dirishani. Hiyo ni kazi ya ngazi imara, mkanda na watu wawili.
- Ukinusa harufu ya kuungua, ukiona moshi au plastiki iliyoyeyuka, zima breka na usiwashe tena mpaka fundi afike.
- Breka iliyokata mara moja unaweza kuipandisha mara moja. Ikikata tena papo hapo, iache. Kuna waya au koili inayogusa chuma, na kila unapoipandisha unaongeza madhara.

Anza ndani ya chumba

Hatua hizi hazihitaji bisibisi. Zifuate kwa mpangilio.

1. Tazama alama iliyo kwenye kioo cha rimoti. Kinachotakiwa ni chembe ya theluji. Alama ya feni hutoa upepo mtupu, na alama ya jua, kwa viyoyozi vyenye uwezo wa kupasha joto, hugeuza kazi yote. Watoto wakichezea rimoti, kosa huanzia hapa.

2. Shusha joto hadi nyuzi 18 kwa ajili ya jaribio. Usiku wa Julai, Dar es Salaam huweza kushuka hadi karibu nyuzi 20. Ukiwa umeweka 24, bodi inaona chumba kimeshapoa na haina sababu ya kuiamuru kompresa. Hapo hakuna ubovu wowote.

3. Zima, subiri dakika 5 kamili, washa mara moja, kisha usiguse tena kwa dakika nyingine 5. Umeme ukiwa umetoka kukatika na kurudi, hatua hii peke yake huweza kumaliza tatizo.

4. Fungua kifuniko cha mbele na utoe filta. Zikiwa zimefunikwa na vumbi zito, au ukiona barafu kwenye koili, sensa inaweza kuwa imeisimamisha kompresa ili koili isigande zaidi. Osha filta kwa maji, zikaushe kivulini, acha barafu iyeyuke huku feni peke yake ikifanya kazi, ndipo ujaribu tena.

5. Tazama taa. Taa inayopepesa kwa mpangilio fulani, au herufi na tarakimu kama E1 au F3 kwenye kioo, ni ujumbe wa hitilafu. Hesabu mipepeso au piga picha, kisha linganisha na kitabu cha kiyoyozi chako. Msimbo mmoja huwa na maana tofauti kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo usichukue maana ya kiyoyozi cha jirani.

6. Kagua njia ya umeme. Kama kiyoyozi kimechomekwa kwa plagi ya pini tatu, zima, ichomoe na uikague: pini iliyopauka au plastiki iliyobadilika rangi ni ushahidi wa mguso mbovu. Plagi ya ampea 13 ina fyuzi ndani, na soketi iliyolegea huweza kupitisha umeme wa kutosha taa na feni ya ndani lakini ikashindwa mzigo wa kompresa.

Ikiwa taa ya ndani haiwaki kabisa, tatizo haliko kwenye kompresa. Angalia kama uniti za LUKU au tokeni zimeisha, breka, fyuzi na betri za rimoti, kwa mpangilio huo.

Toka nje, simama, sikiliza

Hapa ndipo mahali penye faida kubwa kuliko pote kwa mwenye nyumba. Mwombe mtu awashe kiyoyozi kwa nyuzi 18. Wewe simama karibu na boksi la nje bila kulifungua wala kuingiza kitu kwenye matundu yake. Sikiliza kwa angalau dakika 10. Utakachosikia kitaangukia katika mojawapo ya hali hizi.

*Kimya kabisa, feni wala kompresa.* Amri au umeme haufiki nje. Washukiwa ni swichi ya nje, waya uliokatwa au kuliwa na panya, ungio lililofungwa kwa utepe peke yake, rilei kwenye bodi ya ndani, au bodi yenyewe. Katika viyoyozi vidogo vingi, rilei inayoiwasha kompresa iko ndani ya chumba, kwa hiyo fundi anayeanza kwa kufungua boksi la nje anaanzia mwisho. Pwani kuna mshukiwa mwingine: sisimizi na mijusi kafiri hupenda ujoto wa bodi na kontakta, na mzoga mmoja katikati ya miguso miwili unatosha kuzuia kazi yote.

*Feni inazunguka, kompresa inavuma, inakata, inajaribu tena baada ya dakika kadhaa.* Hali hii ndiyo inayoonekana sana. Kapasita ndiyo ya kwanza kushukiwa, volti ndogo ya pili, kompresa iliyokwama ya tatu. Mpangilio huo una maana: ya kwanza ndiyo nafuu kuibadilisha na ya mwisho ndiyo ghali.

*Feni inazunguka, kompresa haitoi hata mvumo.* Ovalodi imeshakata na mtungi bado ni wa moto, au waya wa kompresa umeungua kwenye ncha yake, au koili imekatika ndani.

*Kompresa inanguruma lakini feni imesimama.* Zima mara moja. Bila feni, joto halina pa kwenda, na kompresa itasimamishwa na ovalodi baada ya muda mfupi. Ubovu uko kwenye kapasita ndogo ya feni au mota yake. Wapo mafundi wanaoisukuma feni kwa kijiti ili kuthibitisha. Usiige, feni ikishika kasi ghafla hukata vidole.

*Kompresa inafanya kazi dakika 10 hadi 40 kisha inazima.* Hapo imewaka, imepata joto, imejilinda. Tafuta kinachoizuia kupoa: koili ya nje iliyozibwa na vumbi na majani, boksi lililobanwa kwenye kona isiyo na hewa, feni dhaifu, au gesi pungufu.

Rekodi sauti hiyo kwa simu. Sekunde 30 za video zitamsaidia fundi mzuri kuliko maelezo marefu, na zitambana yule mwenye haraka ya kuuza gesi.

Volti: hitilafu isiyoonekana

Mota ya kompresa imetengenezwa kwa volti 220 hadi 240, na kwa kawaida huvumilia kushuka kwa takriban asilimia 10. Chini ya volti 200 kuanza kwake kunakuwa kwa shida. Kwenye 180 nyingi hushindwa kabisa. Taa za LED zitawaka kama kawaida, televisheni itaonyesha, na mwenye nyumba ataapa kwamba umeme uko sawa.

Saa moja usiku, mtaa mzima ukiwasha pasi, majiko na viyoyozi, volti hushuka zaidi kwa walio mwisho wa laini, mbali na transfoma. Kompresa inayokataa jioni na kukubali alfajiri inakuambia waziwazi kwamba ugonjwa wake ni volti.

Kipimo sahihi ni kimoja: mita iwekwe kwenye ncha za waya za boksi la nje *wakati kompresa inajaribu kuanza*. Ikionyesha, kwa mfano, 225 kompresa ikiwa imesimama na kushuka hadi 165 inapojaribu kuanza, kuna waya mwembamba au ungio bovu njiani. Kiyoyozi cha BTU 18,000 kilichounganishwa kwenye soketi ya chumbani pamoja na friji hakitendewi haki. Kwa kawaida kiyoyozi cha BTU 9,000 au 12,000 hupewa waya wa milimita mraba 2.5 wenye breka yake peke yake, na cha BTU 18,000 kwenda juu hupewa wa milimita mraba 4. Umbali mrefu unadai waya mnene zaidi.

Jenereta ndogo inaleta mkanganyiko uleule. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 hutumia karibu wati 1,100 kikishashika mwendo, na mtu hudhani jenereta ya wati 2,000 inatosha na kubaki. Lakini kwenye sekunde ile ya kuanza, kompresa inataka mara kadhaa ya kiasi hicho. Jenereta inalemewa, kompresa inavuma, ovalodi inakata. Hakuna kilichoharibika, mzigo umeizidi tu jenereta.

Kifaa cha kulinda kiyoyozi dhidi ya volti, kile kinachokata umeme ukishuka au kupanda mno na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha, ni ununuzi wa maana katika miji yetu. Hakikisha ampea zake zinatosha. Kile cha friji kikifungwa kwenye kiyoyozi huungua.

Kapasita: kopo dogo linalohukumiwa mwisho

Ni kopo la duara la bati au plastiki, ukubwa wa kikombe, lililofungwa ndani ya boksi la nje karibu na kompresa. Juu yake pameandikwa mambo matatu: uwezo, kwa mfano 35 µF, uvumilivu, kwa kawaida ±5%, na volti, mara nyingi 450. Kwa viyoyozi vya nyumbani, uwezo wa kapasita ya kompresa huwa kati ya 20 na 60 µF. Ile ya feni ni ndogo, chache tu za µF, ingawa katika mitambo mingine zote mbili huwekwa kwenye kopo moja lenye ncha tatu zilizoandikwa C, FAN na HERM.

Adui wake ni joto. Kopo limekaa pembeni ya mtungi wa moto, ndani ya boksi linalopigwa na jua la mchana, na kila mshtuko wa umeme unalipunguzia nguvu. Likivimba kichwani, likivuja mafuta au likiwa na alama ya kuungua, halihitaji kipimo; limekwisha. Lakini kapasita nyingi mbovu huonekana nzima kabisa kwa macho, na hapo ndipo fundi asiye na mita hubahatisha.

Utaratibu ufuatao ni wa fundi au mtu aliyefundishwa umeme. Mwenye nyumba ausome ili ajue kama unafuatwa.

1. Shusha breka, kisha thibitisha kwa mita kwamba hakuna umeme kwenye ncha za boksi la nje. Testa ya bisibisi peke yake haitoshi.
2. Piga picha ya nyaya zote kabla ya kuchomoa hata moja.
3. Toa umeme uliobaki ndani ya kapasita kwa kuziunganisha ncha zake kupitia rizista, kwa mfano ya ohm 20,000 na wati 5, kwa sekunde kadhaa. Hakikisha kwa mita kwamba volti zimefika sifuri. Kuzigonganisha kwa bisibisi ni mazoea ya mitaani. Hurusha cheche na huweza kuiharibu kapasita iliyokuwa nzima.
4. Chomoa nyaya, weka mita kwenye kipimo cha µF, soma.
5. Linganisha. Kapasita ya 35 µF yenye ±5% inapaswa kusoma kati ya 33.25 na 36.75. Ikisoma 28, ibadilishwe, hata kama kompresa bado huwaka siku moja moja.
6. Weka yenye µF zilezile. Volti zinaweza kuwa kubwa kuliko za mwanzo, kamwe zisiwe ndogo.

Kosa linalofanyika sana hapa ni kuweka kapasita yenye µF nyingi zaidi "ili iisukume vizuri." Kompresa itawaka, mteja atafurahi, na koili ya kuanzia itakuwa inapitishiwa umeme zaidi ya ilivyopangiwa. Mwisho wake ni kuungua.

Wakati boksi liko wazi, zitazamwe na ncha za nyaya. Nyumba za Kigamboni, Msasani, Nyali au Bamburi hupokea upepo wenye chumvi mwaka mzima. Chumvi hugeuza ncha za shaba kuwa za kijani na mapezi ya alumini kuwa unga mweupe. Ncha iliyolegea inapata joto, inaungua, inakatika, na fundi asiyeinama kutazama anasema koili ya kompresa imekatika.

Usiihukumu kompresa ikiwa ya moto

Hili limezigharimu nyumba nyingi kompresa zilizokuwa nzima. Fundi anapima ohm kati ya ncha za kompresa, mita haisomi, anatangaza kifo. Lakini ovalodi ikiwa imekata, mita haiwezi kusoma kupitia ncha ya C, ile ya pamoja kwa koili zote mbili. Ovalodi hiyo huwa chini ya kofia ya plastiki juu ya mtungi, au imefichwa ndani kabisa. Hujirudisha yenyewe mtungi ukipoa, na mtungi wa chuma wenye mafuta ndani unaweza kuchukua saa moja, wakati mwingine saa kadhaa.

Dalili ya kuitambua ni hii: kati ya R (ncha ya koili ya kukimbia) na S (ya koili ya kuanzia) mita inasoma, lakini kati ya C na R, na kati ya C na S, haisomi. Ikiwa hivyo na mtungi ni wa moto, zima kila kitu na usubiri hadi upoe ndipo upime tena.

Kompresa ya kawaida iliyo nzima husoma ohm chache, na hesabu yake inajithibitisha: C–R jumlisha C–S ni sawa na R–S. Kwa mfano 2 na 3 zitoe 5. Kati ya ncha yoyote na mwili wa chuma pasiwe na mguso. Ohm ndogo hapo maana yake koili imegusa mtungi, na huo ndio ubovu unaokata breka papo hapo. Vipimo hivi hufanywa umeme ukiwa umezimwa na nyaya za kompresa zimechomolewa.

Kiyoyozi cha inveta kina sheria zake

Viyoyozi vingi vinavyouzwa sasa vimeandikwa "Inverter." Kompresa yake haina kapasita ya kuanzia, inaendeshwa na bodi ya nje inayobadilisha umeme na kuupeleka kwa nyaya tatu, U, V na W. Huanza polepole na kwa sauti ndogo, kwa hiyo ukimya wa dakika za mwanzo si ushahidi wa ubovu.

Ndani ya bodi hiyo kuna umeme wa moja kwa moja unaozidi volti 300, nao hubaki kwa dakika kadhaa baada ya kuzima. Mwenye nyumba asiiguse. Ohm kati ya U–V, V–W na U–W zinapaswa kulingana. Zikitofautiana sana, kompresa ina tatizo, na zikilingana, tazama kwanza bodi, sensa na waya wa mawasiliano unaounganisha ndani na nje. Waya huo ukiwa na ungio katikati ya ukuta, au nyaya zikiwa zimepishanishwa wakati wa kufunga, kompresa haitapata amri kamwe.

Fundi akitaka kuijaribu kompresa ya inveta kwa kuipa volti 230 moja kwa moja, mzuie. Ataiunguza mbele ya macho yako.

Vipi kuhusu gesi?

Gesi haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya bomba lililofungwa miaka yote. Ikipungua, imevuja, na kuijaza bila kutafuta uvujaji ni kununua miezi michache tu.

Gesi pungufu huweza kweli kuisimamisha kompresa, kwa sababu gesi inayorudi ndiyo inayoipoza mota. Mitambo mingine pia ina swichi inayokata msukumo ukishuka. Lakini dalili zake ni zake. Kompresa huwaka kwanza na kufanya kazi kwa muda, bomba jembamba huweza kushika barafu, na kwenye nati za maungio huonekana mafuta. Kompresa inayovuma na kukata ndani ya sekunde tano haikuambii lolote kuhusu gesi. Isitoshe, kiwango cha gesi hakiwezi kupimwa ipasavyo kompresa ikiwa imesimama.

Ikiwa imekufa kweli

Kapasita mpya imewekwa, volti zimepimwa wakati wa kuanza, mtungi umepoa, ncha ni safi, na bado inavuma bila kuzunguka, au koili imegusa chuma. Hapo uamuzi ni wa kifedha, na unaanzia kwenye kibao cha boksi la nje kinachotaja gesi.

Ikiwa ni R22, fikiria kiyoyozi kipya. R22 huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa kuiondoa karibu yote ifikapo 2030, zikibakiza kiasi kidogo cha matengenezo hadi 2040. Itazidi kuadimika. Kompresa ya R22 haiwezi kuwekewa R410A, ambayo msukumo wake ni mkubwa kwa zaidi ya nusu. R32, iliyomo katika viyoyozi vingi vipya, inaweza kushika moto, kwa hiyo kuchomelea mabomba yake si kazi ya fundi wa kubahatisha. Kupunguza gesi za jamii ya R410A na R32, zinazopasha dunia joto, kulikubaliwa Kigali mwezi Oktoba 2016, na fundi aliyefundishwa anajua kwamba gesi ya zamani hukusanywa kwenye mtungi, haiachiliwi hewani.

Ukiamua kubadilisha kompresa peke yake, sharti mambo matatu yafanyike: mabomba yasafishwe, kwani kompresa iliyoungua huacha asidi ndani ya mafuta, kichujio cha kukausha unyevu kiwe kipya, na hewa itolewe kwa pampu ya vakyumu, si kwa kuachia gesi kidogo iisukume nje. Likikosekana moja kati ya hayo, kompresa mpya huifuata ya zamani.

KABLA YA KULIPA

- Akuonyeshe kifaa alichokitoa, na kipimo chake kwenye mita.
- Kiyoyozi kifanye kazi saa nzima bila kukata.
- Klampu mita ionyeshe ampea zisizozidi zilizoandikwa kwenye kibao. Kwa BTU 12,000 isiyo ya inveta, tarajia karibu ampea 5.
- Hewa inayotoka iwe baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 12.
- Kizimwe, zipite dakika 5, kiwashwe tena mbele yako. Kompresa inayowaka ikiwa imepoa tu na kukataa ikiwa na joto bado haijapona.
- Tarehe, µF za kapasita na kiasi cha gesi iliyowekwa, kwa gramu, viandikwe kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha boksi la nje, fundi atakayefuata avikute.